Programu za nota, acheni kugeuza kila ala kuwa piano kimyakimya!

Wakuu, leo yamenifika hapa na lazima niyaseme. Mtu anakutumia kazi ya bendi aliyoipanga vizuri, kaihamisha kwa MusicXML, aina ya faili la kubebea nota kutoka programu moja hadi nyingine, kama inavyotakiwa. Unaifungua kwenye programu yako, unaicheza: kilarineti piano, selo piano, tarumbeta piano. Pembeni ya stafu, ile mistari mitano ya nota, jina limeandikwa sawasawa kabisa, "Kilarineti ya Bb", lakini kinacholia ni piano.

Hasira yangu iko kwenye huo ukimya. Programu imeshindwa kuitambua ala, ikabandika iliyo ya kwanza kwenye General MIDI, ile orodha ya pamoja ya sauti za ala zenye namba; ya kwanza ni piano, ikaendelea na mambo yake. Hakuna onyo wala orodha ya zile ilizoshindwa kuzitambua. Unazivumbua mwenyewe, moja moja, na usiposikiliza kazi yote hadi mwisho kuna zitakazokupita.

Na mtu asije hapa kusema tatizo ni MusicXML. Ipo tangu 2004, na toleo la 3.0 la mwaka 2011 liliweka hadi mahali maalumu pa kutaja sauti ya ala, ili programu isikisie kwa kusoma jina tu. Wanaohamisha faili wanapaacha patupu, wanaopokea wanaparuka hata pakiwa pamejazwa. Kinachobaki ni jina, na jina likifupishwa kidogo tu au likiwa la lugha nyingine, ndiyo hivyo tena, piano.

Faili moja nililifungua kwa kihariri cha kawaida cha maandishi. Juu kabisa, kwenye orodha ya ala, fidla imepewa midi-program, yaani namba ya sauti kwenye ile orodha, 40. Arobaini! Kwenye MusicXML hesabu inaanza 1 hadi 128, na fidla ni 41. Aliyetengeneza programu ile kachukua namba kama zinavyopita ndani ya MIDI yenyewe, lugha ambayo vyombo na programu za muziki hutumiana amri, 0 hadi 127, akaziandika bila kuongeza moja. Sasa 40 ni besi ya sinthesaiza. Tarumbeta, ambayo ni 57, imeandikwa 56: lile pigo moja la okestra nzima kwa mshindo. Melodi yote ya tarumbeta ikawa mishindo mitupu mwanzo mwisho. Hivi hawa watu waliwahi hata mara moja kufungua faili lao wakasikiliza?

Humohumo honi ya F, iliyokuwa ya kumi kwenye orodha, inalia ngoma. Chaneli, zile njia za MIDI zinazobeba kila ala, ziligawiwa kwa kufuata hesabu tu, moja, mbili, tatu, na chaneli ya 10 ni ya ngoma tangu General MIDI itoke mwaka 1991. Hii si siri ya mtu.

Ukianza kurekebisha ndipo unapoumizwa zaidi. Kubadili jina la stafu hakubadili ala; ingia kwenye mpangilio wa ala uchague kilarineti ya Bb yenyewe. Halafu, tafadhali sana, zitazame nota kabla hujahifadhi. Kilarineti ya Bb huandikwa toni moja juu ya inavyolia. Kama faili limekosa maelezo ya kuhamisha ufunguo, programu ilizipokea nota zako kama za piano. Sasa umeiambia ni kilarineti, inazipandisha toni moja wakati kwenye karatasi ya asili zilishapandishwa. C inakuwa D, kwenye ufunguo zinaongezeka shapu mbili, na mchezaji ukimpa karatasi hiyo atakuwa toni moja juu ya wenzake wote. Saksafoni ya alto ni balaa kubwa zaidi, inaruka sita kubwa nzima, yaani toni nne na nusu. Mimi hudai PDF ya asili kila ninapopokea faili, nalinganisha vipimo vya mwanzo vya kila sehemu, na zilizopanda nazishusha zote kwa pamoja na ufunguo wake. Ni kazi ya mikono, inakula muda ambao ungeutumia kwenye muziki.

Tunachotaka si kikubwa. Kabla faili halijafunguka, tuonyesheni jedwali: jina lililomo, ala iliyochaguliwa, na kama imehamishwa ufunguo. Isiyotambulika iachwe wazi, mtumiaji achague mwenyewe. Piano iwekwe pale palipoandikwa piano.

Ngoma sijazigusa, maana zile ni uzi mwingine kabisa: kila programu ina mpangilio wake wa kipi kiandikwe mstari upi, na faili likivuka, simbali linakuwa snea. Mwenye njia ya kuzipanga upya kwa mkupuo, bila kuhamisha nota moja moja, aiweke hapa hatua kwa hatua, na aseme anatumia programu gani na toleo lipi.