Shule za bweni Tabora: mtoto ana malaria, mnamwambia anadeka?

Wakuu, leo naandika kwa hasira, mnivumilie.

Binti yangu yuko kidato cha pili, bweni, hapahapa Tabora. Shule siitaji, bado yuko mikononi mwao. Ijumaa nimepigiwa simu na mzazi mwenzangu aliyekwenda kumwona wa kwake: "Mama, njoo, mwanao hali yake siyo." Shule yenyewe kimya. Nimemkuta kajikunja kitandani, sweta juu ya sweta na jua lote lile, meno yanagongana, uji umegandia kikombeni hajaugusa. Matroni ananiambia, "Hawa mtihani ukikaribia wote wanaumwa." Tumefika hospitali, kupima tu: malaria.

Tabora hii! Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta mkoa wetu unaongoza nchi nzima kwa malaria ya watoto wa chini ya miaka mitano, asilimia 23. Huku mtoto akichemka unampima kwanza, maneno baadaye. Kipimo chenyewe ni tone la damu ya kidoleni na dakika chache.

Kilichonimaliza ni viboko. Alichapwa kwa kutokwenda prepo, na homa yake hiyohiyo, viganja vimevimba. Mwalimu wa zamu kaamua mwenyewe. Kanuni za viboko za 2002 zinasema visizidi vinne, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, na adhabu iandikwe kitabuni. Nimeomba nikione hicho kitabu. Wanatazamana.

Matroni simtupii mzigo wote, yuko peke yake na mabweni yote yale. Lakini binti kanieleza kwa nini alinyamaza: ukisema unaumwa unasimamishwa mstarini, wenzako wanacheka. Sasa mtoto wa miaka kumi na tano akiwa na jambo zito zaidi ya homa, la kumliza usiku, atamwambia nani? Simu mmezikataza, sawa, sina ugomvi. Basi nyinyi ndio mnipigie! Namba yangu mliichukua siku ya kuripoti, na siku ya michango hamuisahau.

Jumatatu asubuhi niko kwa afisa elimu sekondari, na barua na cheti cha hospitali. Mzazi mwenye mtoto kwenye shule yoyote ya bweni hapa Tabora aliyekutwa na haya, anifuate inbox twende pamoja. Na watoto wenu wafundisheni namba 116, simu ya msaada kwa watoto, ni ya bure, wakipata simu ya mtu yeyote wapige.