Nimepewa barua ya kujieleza kwa pasiwedi inayojulikana na afisi nzima, nijibu vipi?

Binti Konde:
Asalaam aleikum ndugu zangu, naomba ushauri na kama kuna alonijua kwa haya maelezo basi anistiri, Pemba yenyewe ndogo hii.

Mie karani kwenye afisi moja ya serikali hapa Chake, mwaka wa sita sasa. Kazi yangu kuingiza taarifa za watu kwenye mfumo, jina, simu, shehia, nambari ya kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi. Kompyuta tunazo tatu, inayofungua mfumo ni moja, na akaunti ni moja tu, ina jina langu kwa sababu siku walokuja watu wa aiti kutoka Unguja mie ndo nlokuwepo. Pasiwedi imeandikwa kwa maka peni kwenye kipande cha boksi la karatasi za A4 kikabandikwa ukutani kwa plasta. Si mie nlobandika, ni mkuu wetu wa kitengo, alisema kachoka kuulizwa ulizwa. Antivairasi ilishakufa zamani, kila asubuhi kinatoka kidirisha chekundu tunakifunga tunaendelea na kazi.

Sasa wiki mbili nyuma ikaingia imeli, akaunti yenu itafungwa bonyeza hapa kuthibitisha. Mtu kabonyeza, nani Mungu ndo anajua, maana mie siku hiyo nilitoka saa 5 kumpeleka mtoto hospitali na kwenye buku la mahudhurio nimeandika. Baada ya siku tatu namba za simu za watu kadhaa zimebadilishwa kwenye mfumo, na wenyewe wanapigiwa na matapeli wanaowajua mpaka jina la baba. Alkhamisi nakabidhiwa barua, nijieleze ndani ya siku 7 kwa nini nisichukuliwe hatua za nidhamu kwa kuvujisha siri za serikali.

Na linalonikera zaidi, mafunzo ya usalama wa mtandao yalikuwepo, Unguja, siku tano na posho juu. Wakaenda wanaume wawili, mmoja dereva. Dereva wallahi! Nlipouliza naambiwa una mtoto mdogo utamwacha na nani, kama vile nimewaomba wao wanilelee. Na mwenzangu mmoja macho yake mabovu, kaomba programu ya kukuza maandishi tangu mwaka juzi, mpaka leo anasomewa na wenzake na pasiwedi pia anaandikiwa. Haya niyatie kwenye barua au nitaonekana nalipiza?

fundi_waya:
Pole sana dada. Kwanza usifute ile imeli hata ukiambiwa na nani, ndani yake mna njia yote ilopitia mpaka kufika kwenu. Pili omba logi za mfumo, na uombe KWA MAANDISHI. Logi inaonesha akaunti gani imeingia, saa ngapi na kutoka anuani gani ya mtandao. Jina lako litakuwepo hilo usilikatae, ila jina la akaunti si mtu, ni kama funguo ya mlango tu, na nyie funguo mmeitundika ukutani. Afisi inafungwa saa 9 na nusu, ikiwa mabadiliko yamefanywa saa 4 usiku kutoka nje hapo hata anokuchukia atakosa la kusema.

Papo kwa Papo:
Mie nitasema lisilopendeza. Akaunti ina jina lako, miaka yote unaona pasiwedi ipo ukutani, ulishawahi kulalamika? Tusikimbilie kumlaumu mkubwa kila kitu, na sie watumishi wa chini tuna uzembe wetu.

Binti Konde:
@Papo kwa Papo nilisema kwa mdomo kama mara mbili tatu. Na mara moja nilimtumia mkuu wasap, "bosi ile pasiwedi si vyema ikae pale wageni wanaiona", akanijibu kidole gumba 👍 basi.

fundi_waya:
Hahaha hicho kidole gumba ndo utetezi wako. Piga skrini shoti sasa hivi, tarehe ionekane, jitumie kwenye imeli yako, simu inaweza kuibiwa.

Papo kwa Papo:
Haya basi narejesha maneno yangu. Nusu.

mtu_wa_Darajani:
Washtaki kwa ile sheria mpya ya taarifa binafsi, wananchi wamevujishiwa taarifa zao!

wakili bila joho:
Taratibu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 kwa huku Zanzibar haigusi mambo yasiyo ya Muungano, ukiiparamia kwenye barua watakujibu kwa mstari mmoja tu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 hiyo inatumika pande zote mbili, lakini isome, kosa la kuingilia mfumo au taarifa linataka mtu awe kafanya kwa makusudi na bila ya haki. Mtu alotapeliwa akabonyeza linki hayupo hapo, seuze wewe ambae hukuwepo hata afisini.

Barua ya kujieleza si hukumu, usijibu kwa khofu. Usiandike "naomba radhi kwa yaliyotokea", hilo neno litakatwa lisomwe peke yake kama kukiri. Andika tarehe na saa, ambatisha kopi ya ukurasa wa buku. Haki ya kusikilizwa unayo, kifungu cha 12 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu hicho hicho ndo kinachokataza ubaguzi. Utumishi wenu unakwenda kwa Sheria Nam. 2 ya 2011, kwa hiyo mkuu wa kitengo hawezi kuamka akakufukuza kwa hasira zake. Kama ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi nenda na mwakilishi wao.

Bimkubwa wa Ng'ambo:
Mwanangu mie nimestaafu serikalini, barua hizi nimezipokea na nimeziandika. Andika MBILI. Ya kwanza ijibu tuhuma tu, ukurasa mmoja, usitie mafunzo wala dereva, maana watasema anakimbia swali. Ya pili iende kwa Afisa Mdhamini, yaani mkuu wa wizara yenu huko Pemba, baada ya siku kadhaa, ndo useme nani alipelekwa mafunzo, nani alikataliwa na aliambiwa neno gani. Kumuuliza mwanamke mtoto utamwacha na nani huku dereva anasaini posho, hilo liandike kama lilivyosemwa, usilipambe.

Huyo mwenzako wa macho aandike yake mwenyewe kwa saini yake, usimsemee. Sheria ya watu wenye ulemavu ipo, na sisi tulikuwa nayo tangu 2006.

Nami nna swali langu, hao wananchi walobadilishiwa simu kawaambia nani? Au wanajua matapeli tu? Wewe unaandikiwa barua, wao hawajaandikiwa hata ujumbe. Wakipigiwa tena wasitume hata senti, hizo namba wazitume 15040, ndo nambari ya kuripoti matapeli wa simu.

Binti Konde:
Kwa ninavyojua hakuna aloambiwa bi mkubwa. Mmoja ni jirani yetu, kaja kuniuliza mie nikaona aibu.

Binti Konde:
Nimerudi. Leo Jumatatu nimefika afisini mapema, kile kipande cha boksi hakipo. Imebaki alama ya plasta ukutani, rangi imebanduka. Nimeuliza, kila mtu anatazama chini. Ila siku ya baraza la Idi tulipiga picha afisini na kanga zetu mpya, nimeitafuta nimeipata, boksi lipo juu ya kichwa changu na herufi zinasomeka moja moja. Niitie hapa muione?

fundi_waya:
USIITIE. Pasiwedi wameshabadilisha?

Binti Konde:
Bado. Nimeingilia ile ile asubuhi hii.