Mjadala: Vidonge vya mitishamba vinavyodai kutibu macho, vipigwe marufuku kutangazwa?

Hoja: Vidonge vya mitishamba vinauzwa kwa maneno kama "vinayeyusha mtoto wa jicho" na "vinashusha presha ya macho bila matone". Je, matangazo ya aina hii yazuiwe, au yaachwe mradi bidhaa haina sumu?

Mfamasia: Yazuiwe. Ushahidi mzito tulionao ni wa ugonjwa mmoja tu: kuchakaa kwa makula kwa wazee, yaani sehemu ya katikati ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) inayotusaidia kusoma na kutambua sura za watu. Jaribio la AREDS la Marekani, lililochapishwa mwaka 2001, lilitumia vitamini C miligramu 500, vitamini E vizio 400, beta-karotini miligramu 15, zinki miligramu 80 na shaba miligramu 2 kwa siku. Kwa waliofikia hatua ya kati, hatari ya kuingia hatua mbaya ilipungua kwa takriban robo katika miaka 5. Mwaka 2013 AREDS2 ikapendekeza luteini miligramu 10 na zeazanthini miligramu 2, ambazo ni rangi asilia za mimea, badala ya beta-karotini, kwa sababu beta-karotini huongeza hatari ya saratani ya mapafu kwa wavutaji sigara. Mtoto wa jicho hakuzuilika. Sasa, chupa imeandikwa "mchanganyiko wa mimea 12" bila miligramu hata moja: utailinganisha na nini?

Tabibu wa mitishamba: Mkuu, hizo luteini na zeazanthini zimetoka wapi kama si kwenye mimea? Mchicha, sukuma wiki na majani ya maboga yanazo. Na zafarani, miligramu 20 kwa siku, imejaribiwa Italia kwa wenye makula iliyoanza kuchakaa, na retina ikaitikia mwanga vizuri zaidi. Mimea mingi haijashindwa, haijapimwa. Hakuna kampuni itakayogharimia jaribio la jani lisilo na hataza, yaani haki ya kuliuza peke yake.

Daktari wa macho: Zafarani nakubali inastahili jaribio kubwa, lile lilikuwa la watu 25. Ila "haijapimwa" si ruhusa ya kuandika "inatibu". Tazama majani ya mti wa ginko kwa glakoma, ugonjwa wa presha ya macho unaoua neva ya kuonea: jaribio dogo la 2003 lilionyesha eneo la kuona likiboreka, jingine la 2014 halikuona tofauti yoyote. Bilberi, tunda dogo la Ulaya, nayo imesifiwa miaka mingi kwa kuona usiku, lakini majaribio yaliyopangwa vizuri hayakuthibitisha.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni muda. Glakoma kwa kawaida haiumi. Inakula pembeni mwa upeo wa kuona kwanza, mgonjwa anaendelea kusoma gazeti vizuri na kusema dawa imemkubali. Akiacha matone yake ya timololi au latanoprosti kwa ajili ya kidonge, presha inapanda tena kimyakimya, na neva iliyokufa hairudi. Mtoto wa jicho angalau unasubiri: lenzi iliyofanya ukungu hutolewa kwa upasuaji na kuwekwa ya bandia. Hakuna jani linaloisafisha.

Tabibu wa mitishamba: Hapo kwenye kuacha matone sibishani. Anayemwambia mgonjwa aache matone ni mfanyabiashara, usimweke kundi moja na tabibu.

Muuguzi: Tutenganishe pia cha kumeza na cha kutia jichoni. Maji ya majani, asali ya mtungi au unga uliochemshwa jikoni hauna uhakika wa usafi wala wa ukali. Kioo cha jicho (konea, sehemu angavu ya mbele) kikichubuka, bakteria au fangasi wanaingia, kidonda kinapona na kovu jeupe. Jicho likipata kitu cha namna hiyo, lioshwe kwa maji safi mengi kwa dakika 15 hadi 30, kisha kituoni siku hiyohiyo.

Mtaalamu wa lishe: Mnasahau sufuria. Luteini na karotini huyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo mboga iliyochemshwa tupu inakupa kidogo. Kijiko cha mafuta au karanga za kusaga kinabadilisha hesabu. Mlonge ukaushwe kivulini, maana jua kali linaharibu karotini. Mboga hizi zinalinda dhidi ya upungufu wa vitamini A. Hazitibu glakoma, na hapo mtu asijidanganye.

Anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asianze ghafla kula rundo la mboga za majani kila siku: vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa. Ale kiasi kilekile wiki hadi wiki. Ginko nayo inaweza kuongeza hatari ya kutoka damu.

Mfamasia: Hata fomula ya AREDS si pipi. Zinki miligramu 80 ni mara mbili ya kikomo cha kila siku kwa mtu mzima, na inazuia ufyonzwaji wa shaba. Ndiyo maana shaba iliongezwa, vinginevyo mtu anaweza kupata upungufu wa damu. Kijana mwenye macho yanayochoka kwa simu hana sababu ya kuimeza.

Tabibu wa mitishamba: Basi pendekezo langu: lebo itaje mmea, sehemu iliyotumika, miligramu kwa kidonge na dawa zisizopatana nayo. Jina la ugonjwa liondoke mpaka jaribio lifanyike. Lakini sheria hiyohiyo iwabane na wenye vidonge vya nje vilivyopambwa picha ya jicho la bluu.

Daktari wa macho: Naunga mkono, na iongezwe sentensi moja kwa herufi kubwa: "Usiache matone yako."