Hadithi za wazee zinaweza kweli kusaidia kulinda msitu? Naomba ushauri wadau

Mwalimu_wa_Rungwe:
Habari zenu wadau. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Rungwe, shule iko chini ya mlima kabisa na nasimamia klabu ya mazingira. Mpaka sasa tunapanda miti na kusafisha mto, watoto wanajituma vizuri tu ila naona msitu wenyewe hawaujui, yani ukimuuliza mtoto humo juu kuna nini anakwambia nyani, basi, wakati babu yake alikuwa anaingia humo kurina asali na kuchimba dawa na anajua kila mti. Nataka mwaka huu watoto wakae na wazee, wasimuliwe, turekodi kwa simu za walimu maana wanafunzi hawaruhusiwi kuwa nazo, halafu tuone inatupeleka wapi. Sasa mwenzangu wa bayolojia anasema hadithi sio sayansi, bora watoto wajifunze kuhesabu ndege na kupima mvua. Simpingi, ila roho yangu haikubali kuwaacha wale wazee hivi hivi. Swali langu, kuna mahali hadithi za watu zimesaidia uhifadhi kweli kweli au zinabaki burudani? Na nikianza nifanyeje isiwe jambo la siku moja kupiga picha na kuondoka?

mbega_wa_kusini:
Mwalimu shikamoo. Jibu lako unalo hapo hapo nyuma ya shule, ni kipunji. Mwaka 2003 watafiti wa WCS, shirika la kimataifa la uhifadhi wa wanyamapori, wakiongozwa na Tim Davenport walikuwa wanazunguka vijiji vya Rungwe wakiongea na wawindaji wa Kinyakyusa, wakawa wanatajiwa tumbili mmoja mwenye haya anayeitwa kipunji. Watu wengine walimzungumzia kama mnyama wa kawaida, wengine ukiwasikiliza ni kama wanaongelea kitu cha mizimu, kwa hiyo ilikuwa rahisi sana kupuuza. Hawakupuuza. Walipanda mlimani, mwezi wa tano wakamwona kwa mbali kwa shida, na mwezi wa kumi na mbili mwaka huo huo ndo wakamwona vizuri upande wa msitu wa Livingstone, Kitulo. Mwaka uliofuata timu nyingine kabisa ya Trevor Jones ikamkuta Ndundulu kule Udzungwa bila kujua kwamba wenzao wameshamwona huku. 2005 akatangazwa kwa dunia kuwa ni aina mpya.

Halafu kuna kipande ambacho watu wengi hawasimulii. Wakati wanamtangaza walikuwa na picha na maelezo tu, hawakuwa na mwili. Baadae mwaka huo huo mkulima wa Rungwe alikuwa ametega mtego kwenye shamba la mahindi, akanaswa kipunji dume mdogo akafa. Kwa mwili huo wakapima vinasaba wakakuta yuko karibu zaidi na nyani kuliko wale tumbili waliomweka nao mwanzo, wakampa jenasi yake mwenyewe, yani kundi la kisayansi lililo juu ya aina moja moja, wakaiita Rungwecebus, mwaka 2006. Jenasi mpya ya tumbili Afrika mara ya mwisho ilikuwa 1923! Yani jina la wilaya yenu liko kwenye vitabu vya sayansi dunia nzima na mtoto wa kidato cha pili hapo Tukuyu hajui, hilo linaniuma sana.

Kwa hiyo mwambie mwalimu wa bayolojia asiseme hadithi sio sayansi, aseme hadithi ni taarifa ambayo bado haijapimwa. Mzee akikwambia mnyama anakula nini, analia vipi, anashuka mwezi gani, huyo anakupa kitu unachoweza kwenda kukihakikisha.

mkulima_Mwakaleli:
Naomba niongee kama mtu wa shamba. Hizo hadithi za kipunji mnazisimulia vizuri ila hapo kwenye mtego mmepita haraka. Huyo mkulima alitega kwa sababu wanyama wanakula mahindi, tena sio kipunji peke yake, kuna nyani, kuna nguruwe pori, mtu analala shambani kwenye baridi hiyo ya Rungwe miezi miwili mahindi yakikaribia kukomaa na bado asubuhi anakuta yamevunjwa. Sisi akina mama ndo tunalinda mchana na watoto wanakosa shule. Mwalimu kama utakusanya hadithi usiende kwa wazee wa kuwinda tu, njoo kwa akina mama pia, tunajua wanyama wanaotoka msituni wanapita wapi kuliko hata hao wanaoingia. Na ukishatengeneza hadithi yako ukaja kuisoma kijijini ikawa inasema tu msitu ni mzuri na tumbili ni hazina ya taifa, watu watakusikiliza kwa heshima wataondoka. Weka na hasara yetu humo ndani. Mimi naupenda ule msitu, maji yangu yanatoka huko, sitaki uishe, ila nataka nikisimuliwa nijione na mimi nimo.

Kihansi2000:
Nimeguswa na dada wa Mwakaleli. Ila nitetee upande wa mwalimu wa bayolojia kidogo, maana kuna viumbe ambao ukisubiri hadithi wataisha. Chura wa Kihansi aligunduliwa 1996 wakati wa kuchunguza mazingira kwa ajili ya bwawa la umeme, chura wa njano mdogo hafiki hata sentimita tatu, anazaa watoto badala ya kutaga mayai, na alikuwa anaishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya korongo la Kihansi tu, sehemu nyingine yoyote duniani hayupo. Mimi sijawahi kusikia hadithi yoyote ya kale juu yake. Maji yalipogeuzwa mwaka 2000 manyunyu yakakauka, chura karibu 500 wakapelekwa Marekani kutunzwa kwenye bustani za wanyama, 2009 wakatangazwa wametoweka porini, na 2012 wakaanza kurudishwa korongoni. Ni kuhesabu na kupima kulikowaokoa. Leo hadithi anayo na ndo inayofanya watu wamjali, ila ilikuja baada ya sayansi. Kwa hiyo mwalimu fanya vyote viwili, wazee na kipimo cha mvua, usichague.

mwana_wa_Kwale:
Salamu kutoka Kwale, pwani ya Kenya. Sisi Wamijikenda misitu ya kaya, yani misitu mitakatifu ya mababu zetu, imebaki kwa sababu ya masimulizi na miiko, wazee walisema hapa hapakatwi mti, hapaingiwi ovyo, pamezikwa fingo, yani kinga ya kaya, na watu wakaogopa wakaheshimu. Pwani yote imekatwa mpaka ukiiona kaya ukiwa mbali unaijua maana ndio kijani kilichobaki. UNESCO wakaziweka kwenye urithi wa dunia 2008. Lakini nikuonye mwalimu, si kila hadithi ni ya kutangaza. Vigango vya wazee wetu, zile nguzo za mbao za kuwakumbuka marehemu, viling'olewa makaburini vikauzwa mpaka vikafika kwenye makumbusho ya Marekani. Kwa hiyo muulize mzee, hili ni la watoto tu, la kijiji au la kila mtu? Akisema liishe hapa, liishe hapo.

mbega_wa_kusini:
Mwana wa Kwale umesema kitu kikubwa. Huku kwetu ni hivyo hivyo na mizizi ya okidi za Kitulo, inachimbwa inavushwa Zambia kupikwa chakula kinachoitwa chikanda, ukiandika mtandaoni bonde fulani lina okidi nyingi umewaelekeza wachimbaji. Sehemu kamili usitaje, sema msitu wa Rungwe basi.

Mwalimu_wa_Rungwe:
Asanteni sana jamani, dada wa Mwakaleli nitakutafuta kweli na akina mama wenzako. Mwenzangu wa bayolojia nimemsomesha huu uzi amekubali tuanze wote. Kimebaki kimoja, wazee wengine wanaogopa kusema wamewahi kuwinda maana mlima ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 2009 na kuwinda ni kosa. Nawaingiaje? Na nitajuaje mzee anaeleza alichokiona mwenyewe sio alichosikia redioni?

mbega_wa_kusini:
Kwanza jina la mzee usiliandike popote kama hataki, andika tu mzee wa kijiji, na usimuulize aliwinda lini, muulize mnyama. Ongea Kinyakyusa, Kiswahili mtatafsiri baadae shuleni. Usianze kwa kumwonyesha picha ya kipunji, mwache aeleze mwenyewe, rangi, mkia, manyoya ya kichwani yamesimama au yamelala, mlio. Akimaliza toa picha nyingi mchanganyiko na uchomeke za wanyama ambao huko hawapo kabisa, hata tumbili wa Amerika Kusini, akikwambia na huyu yupo basi ujue anataka kukufurahisha. Waulize wazee watatu wanne kila mmoja peke yake, wanapokubaliana bila kusikilizana hapo ndo unapeleka watoto na mtu wa hifadhi kuangalia. Na rekodi zikikamilika anzeni kuzisikiliza pale pale kijijini jioni moja, wenyewe wakosoe, kabla hazijaenda popote.

mkulima_Mwakaleli:
Jioni hiyo mwalimu iwe baada ya kuvuna. Kabla ya hapo tuko shambani tunalinda.