Tupeane uzoefu: kusafiri kwa tanga na marafiki na kulala nangani visiwani Ssese

Entebbe (mwanzilishi wa mada)
Ndugu zangu, habari za mashua za matanga tunazozisoma kwa Kiswahili karibu zote hutoka Lamu, Pangani na Unguja, ilhali sisi wa Uganda tuna visiwa 84 vya Ssese katika Ziwa Viktoria, vyenye ghuba ambamo mtu hulala nangani bila kusikia injini hata moja. Naomba tuelezane jinsi tunavyochagua mahali pa kulala. Sisi hung'oa nanga alfajiri, kwa sababu saa hizo upepo wa nchi kavu bado unavuma kuelekea ziwani na hutusukuma kusini. Tukichelewa hadi karibu na adhuhuri, upepo wa ziwa unakuwa umeshika, nao hutoka kule kule tunakokwenda, hivyo hatuna budi kupiga bishi, yaani kwenda upande huu na ule dhidi ya upepo, mchana kutwa. Wakati wa kurudi tunasubiri mchana, tunatweka tanga, na upepo wa tezini, yaani wa nyuma ya chombo, hutuleta nyumbani.

Kaazi
Upepo huo huo ndio unaowaponza wageni. Jioni, ghuba iliyotazama kaskazini huwa tulivu, kwa kuwa kisiwa kinaikinga na upepo wa kusini. Usiku nchi kavu hupoa kuliko maji, upepo hugeuka kutoka bara, na ghuba ile ile hubaki wazi. Tena pepo za nchi kavu kutoka pande mbalimbali za ziwa hukutana katikati, hewa yenye unyevu hupanda, na ndiyo maana radi na dhoruba za ziwani hupiga zaidi usiku na kukaribia alfajiri, hasa katika miezi ya mvua. Kwa hiyo sichagui ghuba kwa utulivu wake wa jioni. Natafuta iliyozungukwa na ardhi pande tatu, natoa amari (kamba ya nanga) ndefu kuliko wenzangu wanavyoona inafaa (afadhali hapa hatuna maji kupwa na kujaa ya kuhesabu), kisha nagawa zamu za kukesha kabla ya chakula, maana baada ya kushiba hakuna rafiki anayekubali zamu ya saa tisa usiku.

Bukakata
Mzee wa Kaazi, nakubaliana nawe kuhusu dhoruba, ila kwa heshima nasema kwamba ghuba iliyofungwa pande tatu mara nyingi ina wenyewe. Wavuvi wa mukene, wale dagaa wa ziwani, hutoka na taa usiku wa giza la mwezi, na nyavu za sangara hutegwa zikiwa na maboya ya madumu ambayo gizani hayaonekani kabisa. Sisi hufika mwaloni, yaani pwani wanapotua wavuvi, jua likiwa bado juu, tunawasalimu wazee wa mwalo, na tunauliza nyavu zimelala wapi na boti za alfajiri hupita wapi. Huonyeshwa mahali pazuri kuliko tulipopakusudia, na mara nyingi kitoweo hupatikana papo hapo.

Jinja
Mimi naogopa mafunjo kuliko nyavu. Vipande vya kinamasi hung'oka ufukoni na kuelea vikisukumwa na upepo. Aprili 2020 kimoja kilifika hadi bwawa la umeme la Nalubaale, hapa Jinja, na umeme ukakatika karibu nchi nzima. Kipande kidogo zaidi, au magugu maji ya kawaida tu, yanaweza kuziba mdomo wa ghuba nyembamba kati ya jioni na asubuhi, kwa hiyo huko ndani kabisa kunakosifiwa na Mzee siendi. Natia nanga karibu na mdomo, mbali na matete. Faida ya pili ni kichocho: konokono wanaokieneza hukaa kwenye maji haba yenye majani, hivyo marafiki wanaong'ang'ania kuogelea huruka kutoka chomboni penye kina. Hatari hupungua lakini haiishi, na baada ya safari tunakwenda kupima.

Kaazi
Wa Jinja, karibu na mdomo ukipigwa na dhoruba ya usiku utakimbilia wapi?

Jinja
Nje, Mzee, kwenye maji mapana, kabla haijafika. Ndiyo maana zamu ya saa tisa naishika mimi mwenyewe.