Kasino za sarafu mtandao: "haki inayothibitika" inathibitisha nini hasa?

Mdadisi_Nyegezi aliuliza:

Ndugu wanajamvi, salaam.

Nimekuwa nikicheza mchezo wa kizidisho kinachopanda, ule ambao wengi hapa nyumbani tunauita kindege (dau lako linazidishwa kwa namba inayopanda, nawe unatakiwa kutoa fedha kabla ndege haijaanguka), katika kasino ya mtandaoni inayopokea sarafu mtandao za Bitcoin na USDT badala ya shilingi. Katika kila mzunguko kuna kitufe ambacho ukikibonyeza unaonyeshwa mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu, pamoja na maelezo kwamba matokeo yalikuwa yamekwishapangwa kabla ya dau la kwanza kuwekwa na kwamba mchezaji yeyote anaweza kuyahakiki mwenyewe. Kasino inaliita jambo hilo haki inayothibitika.

Nina mashaka matatu. Wachezaji tunaofahamiana tunalalamika kwamba tukiweka dau dogo ndege inapaa mbali, na tukipandisha dau inaanguka mapema; ikiwa matokeo yamepangwa kabla, hilo linawezekanaje? Tena, huko kupangwa kabla ndiko kunakonitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa anayepanga ni kasino yenyewe. Na mwisho, huko Telegram wapo watu wanaouza programu za kubashiri mzunguko ujao, wakidai kuwa wameweza kuzisoma herufi hizo. Naomba mwenye ujuzi atueleze uthibitisho huu unafika wapi na unaishia wapi.

Fundi_Seva alijibu:

Ndugu Mdadisi, nitaanza na mchezo wa dadu, kwa sababu ndio ulio mwepesi kueleweka, kisha nirudi kwenye ndege.

Kasino huanza kwa kutengeneza siri, ambayo wenye fani huiita mbegu ya seva. Siri hiyo hupitishwa katika kanuni iitwayo SHA-256, nayo hutoa alama ya herufi na tarakimu 64 inayojulikana kama heshi. Kutoka kwenye siri kwenda kwenye heshi ni kazi ya kufumba na kufumbua, lakini kutoka kwenye heshi kurudi kwenye siri hakuna njia inayojulikana isipokuwa kujaribu siri moja baada ya nyingine, na hesabu ya siri zinazowezekana inazishinda kompyuta zote zilizopo. Kasino hukuonyesha heshi kabla hujacheza. Wewe nawe unaleta mbegu yako, maneno yoyote uyapendayo, na kila dau linapewa namba ya zamu. Siri, mbegu yako na namba ya zamu huchanganywa na kutoa heshi nyingine, na hiyo ndiyo inayozaa matokeo. Njia iliyozoeleka ni kuchukua herufi 8 za mwanzo za heshi hiyo, kuzisoma kwa mfumo wa heksadesimali (wenye tarakimu 16: 0 hadi 9, kisha a hadi f) kama namba kati ya 0 na 4,294,967,295, kisha kugawanya kwa 4,294,967,296. Herufi hizo zikiwa 80000000, jibu ni nusu kamili, na dadu yenye kipimo cha 0 hadi 100 itasoma 50. Angalia vizuri: hakuna mahali popote katika hesabu hiyo ambapo kiasi cha dau lako kinaingia.

Ukitaka kuhakiki, unaomba mbegu mpya, na hapo kasino inalazimika kuifichua ile ya zamani. Unaipitisha mwenyewe katika SHA-256. Ikitoa heshi ileile uliyoonyeshwa mwanzoni, basi siri haikubadilishwa ulipokuwa ukicheza, na unaweza kurudia hesabu ya kila dau ulilocheza. Wazo hili si geni. SatoshiDice, iliyoanzishwa mwaka 2012, ilikuwa ikitangaza mapema heshi za siri zake za kila siku, kisha ikazifichua baadaye ili wachezaji wa Bitcoin wajihakikishie.

Sasa nije kwenye shaka lako la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote. Heshi ni kama lakiri kwenye sanduku la kura: inaonyesha kwamba sanduku halikufunguliwa tangu lilipofungwa, lakini haionyeshi kwamba lilikuwa tupu wakati linafungwa. Kasino nyingi hukupa mbegu yako tayari, imejazwa na ukurasa wao wenyewe, na wachezaji wengi hawaigusi kamwe. Katika hali hiyo kasino inazijua mbegu zote mbili tangu mwanzo. Ikitaka, inaweza kutengeneza siri elfu moja, ikakokotoa matokeo ya kila moja dhidi ya mbegu iliyokupangia, kisha ikachagua ile inayokuumiza zaidi, na bado uhakiki wako utatoka safi. Ulinzi wako wote uko katika mpangilio wa matukio: uione heshi na kuihifadhi, halafu ndipo ubadilishe mbegu yako kwa kuandika maneno ambayo kasino haikuweza kuyatarajia. Ajabu ni kwamba kurasa za msaada za kasino hutaja hatua hiyo kama jambo la hiari tu.

Kwenye mchezo wa ndege mambo ni tofauti, kwa kuwa mzunguko mmoja unachezwa na maelfu ya watu na hauwezi kutegemea mbegu ya mtu mmoja. Aviator, mchezo wa ndege wa kampuni ya Spribe, huchanganya mbegu ya seva na mbegu za wachezaji watatu wa kwanza kuingia katika mzunguko. Bustabit, tovuti ya mchezo wa kizidisho, ilichukua njia nyingine, ambayo naiona bora. Walitengeneza mnyororo wa heshi za michezo milioni 10, kila heshi ikizaliwa na nyingine, wakatangaza ile ya mwisho, kisha wakaucheza mnyororo kinyumenyume ili kila mzunguko uthibitishwe na uliotangulia. Kuondoa shaka kwamba mnyororo ulichaguliwa kwa hila, walitangaza mapema katika jukwaa la Bitcointalk kwamba heshi ya bloku ya Bitcoin (fungu la miamala) ambayo ilikuwa bado haijachimbwa, yaani haijatengenezwa, ndiyo itakayochanganywa na mnyororo wote. Hakuna aliyeweza kujua bloku hiyo itatoa nini, hata wao wenyewe.

Kuhusu wauza programu za kubashiri, jibu ni fupi. Mtu anayeweza kusoma siri kutoka kwenye heshi amevunja SHA-256, kanuni ileile ambayo uchimbaji wote wa Bitcoin umesimama juu yake. Mtu huyo hana haja ya kukuuzia programu ya bei ya chakula cha mchana.

Mwalimu_Takwimu alijibu:

Namuunga mkono Fundi, lakini naomba kuligusa shaka la kwanza, kwa sababu ndilo linalowafanya watu wengi waamini kwamba wameibiwa hata pale ambapo hesabu ni halali kabisa.

Chukua mchezo wa kizidisho unaorejesha asilimia 97 ya madau. Uwezekano wa ndege kufika kizidisho fulani ni takriban 0.97 kugawanywa kwa kizidisho hicho: kufika 2 ni asilimia 48.5, kufika 10 ni asilimia 9.7, na kufika 100 haufiki hata asilimia 1. Uwezekano wa kushindwa kufika 2 ni asilimia 51.5, kwa hiyo kushindwa mara sita mfululizo ni takriban asilimia 1.9. Hilo linaonekana kama jambo adimu, lakini anayecheza mizunguko mia kadhaa kwa jioni moja hana budi kulikuta. Na ni nani anayepandisha dau? Mara nyingi ni yule aliyekwisha kuliwa na sasa anafukuza hasara. Akianza na shilingi 1,000 na kulirudufu dau kila anaposhindwa, kushindwa mara sita kunamgharimu 63,000, na dau la saba ni 64,000. Akianguka hapo, atalikumbuka anguko hilo mwaka mzima, ilhali yale ya shilingi 1,000 ameyasahau kabla ya kulala.

Ukitaka kujipima badala ya kubishana, weka kumbukumbu ya mizunguko ya dau dogo na ya dau kubwa kando kando, uhesabu ni mingapi iliyofika 2. Uwe na subira, hata hivyo. Katika mizunguko 100, matokeo halali kabisa yanaweza kuyumba karibu asilimia 10 juu au chini ya 48.5, katika mizunguko 1,000 yanaweza kuyumba asilimia 3. Maana yake ni kwamba kasino inayokupunja asilimia 1 kwa siri hutaigundua kwa macho wala kwa daftari la mwezi mmoja, na ndiyo sababu uhakiki wa heshi una thamani ambayo takwimu za mchezaji mmoja haziwezi kuifikia.

Jambo moja bado linanikera katika matangazo. Asilimia 97 hurejeshwa kwa kila dau na si kwa kila amana. Mtu aliyeweka shilingi 20,000 na kuzizungusha zote mara 23 anabaki, kwa wastani, na nusu yake. Mchezo ambao mzunguko wake unakwisha kwa sekunde chache humfikisha huko haraka sana, bila udanganyifu wowote na kila heshi ikiwa sahihi.

Wakili_Kijana alijibu:

Nimesoma maelezo ya waliotangulia kwa faida kubwa, ila naona tumejifungia ndani ya hesabu. Malalamiko yanayonifikia mimi hayahusu mbegu. Yanahusu fedha zisizotoka.

Uthibitisho wa heshi unahusu tokeo la mzunguko, basi. Hausemi kama kasino ina akiba ya kukulipa, wala kama itakudai vitambulisho siku unaposhinda ilhali ilikupokea bila kukuuliza jina siku ulipoweka. Hausemi pia ni nani ndani ya kampuni anayeona nini. Mwaka 2008 ilibainika kwamba katika UltimateBet, tovuti ya poka, zilikuwapo akaunti za siri zilizoweza kuziona karata za wapinzani. Karata zenyewe zilichanganywa kwa nasibu kama kawaida. Waliofichua ni wachezaji, kwa kuchambua kumbukumbu za michezo, na Tume ya Michezo ya Kahnawake nchini Kanada iliitoza kampuni hiyo faini ya dola milioni 1.5.

Bonasi nayo itazamwe kwa jicho la Mwalimu. Ukipewa bonasi ya dola 50 kwa sharti la kuizungusha mara 40, unatakiwa kuweka madau ya dola 2,000. Katika mchezo unaobakiza asilimia 3, hasara inayotarajiwa ni dola 60. Zawadi hiyo umeilipia wewe, na chenji hukurudishiwa.

Kisha kuna suala la kwenda kulalamika. Kasino nyingi za sarafu mtandao zina leseni ya Curaçao, kisiwa ambacho kwa miaka mingi kiliruhusu kampuni chache zenye leseni kuu kugawa leseni ndogo kwa wengine. Sheria mpya iliyoanza kutumika Desemba 2024 imekusudia kuufuta mpangilio huo. Hapa Tanzania msimamizi ni Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, lakini Bodi haiwezi kufuta leseni ambayo haikuitoa. Benki Kuu nayo ilitangaza tangu Novemba 2019 kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini. Mchezaji aliyenyimwa malipo na kasino ya ng'ambo anajikuta anaandikia barua pepe dawati la huduma kwa wateja, na dawati hilo ndilo mahakama yake ya kwanza na ya rufaa.

Fundi_Seva alijibu:

Wakili, nakubaliana nawe, na naongeza kwamba hata uwazi wa dhati hausaidii pale ambapo siri yenyewe imechaguliwa vibaya. Mwaka 1999 kampuni ya ASF Software, iliyotengeneza programu ya poka ya mtandaoni, iliichapisha hadharani kanuni yake ya kuchanganya karata ili kuonyesha kwamba haina hila. Wataalamu wa Reliable Software Technologies walipoisoma, waligundua kwamba mpangilio wa karata ulitegemea saa ya kompyuta: milisekunde tangu saa sita usiku, yaani 86,400,000 tu kwa siku. Kwa kuona karata chache mezani waliweza kujua zilizobaki zote. Hata hivyo, sioni kama hiyo ni hoja dhidi ya uwazi, kwa kuwa kanuni ingefichwa, kasoro ingebaki na kuwanufaisha wachache walioijua.

Tahadhari nyingine: ngao ya haki inayothibitika kwa kawaida hufunika michezo ya kasino yenyewe, kama dadu na kizidisho. Mashine za sloti kutoka kwa watengenezaji wengine, ambazo hujaa katika tovuti hizohizo, hazina mbegu unayoweza kuigusa. Zinategemea vyeti vya maabara kama GLI au eCOGRA. Sloti ileile inaweza kutolewa na mtengenezaji katika viwango tofauti vya marejesho, na kasino ndiyo inayochagua kipi iweke. Fungua ukurasa wa maelezo ndani ya mchezo wenyewe, usitegemee ulichosoma kwingine.

Mdadisi_Nyegezi aliandika:

Nawashukuru nyote. Swali langu la mwisho ni la vitendo: mtu asiye na kompyuta, mwenye simu tu, anahakikije bila kutumia kikokotoo cha kasino yenyewe? Maana kikokotoo hicho nacho ni chao.

Fundi_Seva alijibu:

Shaka hilo ni la haki kabisa. Tafuta kikokotoo cha SHA-256 cha mtu asiyehusika na kasino, kisha kijaribu kwanza. Andika abc kwa herufi ndogo; heshi lazima ianze na ba7816bf na iishie na f20015ad. Ikitoka tofauti, achana nacho. Kikifaulu, weka mbegu ya seva iliyofichuliwa, ulinganishe jibu na picha ya skrini uliyopiga kabla ya kuanza kucheza, wala si na heshi ambayo ukurasa unakuonyesha sasa. Na uwe mwangalifu unaponakili: nafasi moja tupu ikibaki mwishoni mwa mbegu, heshi nzima hubadilika, ukaishia kuishtaki kasino kwa kosa la kidole chako.