Tamthilia ipi ya Ibsen tuigize: ya Nora, Bi Alving, Hedda au Ellida?

PaziaJekundu
Wadau salaam. Kikundi chetu cha maigizo hapa Morogoro kimekubaliana kucheza tamthilia moja ya Henrik Ibsen, yule Mnorwei, na mada ni mwanamke na ndoa. Zimebaki nne mezani: Nyumba ya Mwanasesere (1879), Mizuka (1881), Bibi kutoka Baharini (1888) na Hedda Gabler (1890). Wengi wanamtaka Nora wa Nyumba ya Mwanasesere kwa kuwa ndiye anayejulikana. Mimi bado nasitasita. Waigizaji tunao saba, ukumbi mdogo, na hela ya jukwaa ni ya kuungaunga. Mnashauri nini?

Mwl_Fasihi
Chezeni Nora, msihangaike. Mtego wake umesukwa kuliko zote. Mume anaumwa, madaktari wanamwambia mke asipopelekwa kusini atakufa, Nora anakopa krone 4,800 kwa Krogstad kwa siri. Mke hakuruhusiwa kukopa bila ridhaa ya mumewe, hivyo anaghushi saini ya baba yake awe mdhamini. Na anavyonaswa sasa! Baba kafariki tarehe 29 Septemba, saini ina tarehe 2 Oktoba. Marehemu kasaini siku tatu baada ya kufa! Krogstad anauliza polepole, hana hata haja ya kupandisha sauti. Hapo mnahitaji meza, mti wa Krismasi na sanduku la barua lenye kufuli, basi.

BintiKariakoo
Shikamoo mwalimu. Mtego nakubali, mwisho ndio unaonipa taabu. Nora anatoka, mlango unabamizwa, watazamaji wanaondoka wakibishania wale watoto watatu tu. Hata Ujerumani mwigizaji Hedwig Niemann-Raabe aligoma, akisema yeye asingewaacha watoto wake. Sheria za hakimiliki za kule hazikumlinda Ibsen, akaona bora aupinde mwisho mwenyewe kuliko kuwaachia wengine: Nora anapelekwa hadi mlangoni kwa watoto, miguu inamwishia, anabaki.

PaziaJekundu
Dada, kuna mwenzetu anataka tutumie huohuo, ati wazazi wataupokea vizuri.

Mwl_Fasihi
Marahaba binti. Pazia, msithubutu! Ibsen mwenyewe aliuita mwisho ule ushenzi uliofanyiwa tamthilia yake. Angalieni kinachomtoa Nora. Mumewe Torvald anasoma barua ya kwanza ya Krogstad inayofichua siri, anamwita mkewe mnafiki, mwongo, mhalifu, na watoto hatawalea tena. Barua ya pili inarudisha hati ya deni, na papo hapo anashangilia kwamba yeye ameokoka. Mpaka Nora aulize: na mimi je? Baada ya hapo mkimbakisha nyumbani, mmempa Torvald ushindi asiostahili.

MkaaNyuma
Mnabishana bure, chaguo ni Mizuka. Waigizaji watano, chumba kimoja. Bi Alving alimkimbia mume mlevi na mzinzi ndani ya mwaka wa kwanza, akaenda kwa Mchungaji Manders, mtu aliyempenda, naye akamrudisha kwa mahubiri ya wajibu. Akakaa. Akaendesha mali, akafunika aibu, akampeleka mwanawe Osvald ugenini akiwa bado mdogo, na mume alipofariki akamjengea kituo cha yatima cha kumbukumbu! Wale wanaouliza kwa nini Nora asivumilie wapelekwe hapa. Ibsen aliandika kwenye barua ya 1882 kwamba baada ya Nora ilikuwa lazima Bi Alving aje. Mtoto anarudi na kaswende ya kurithi, na msichana anayemtamani ni dada yake, baba yao alimzaa na mjakazi.

Na msidhani ni kilio mwanzo mwisho. Kile kituo hakina bima, kwa sababu mchungaji anaogopa watu watasema hamtegemei Mungu. Usiku huohuo kinaungua. Anayemjua kiongozi wa namna hiyo atacheka mpaka basi.

SindanoNaUzi
Hedda mmemruka kama maji machafu barabarani. Nora ana la kujitetea, Bi Alving analo, Hedda hana, na ndiyo maana mimi namtaka yeye. Ameolewa na Tesman lakini tamthilia inabeba jina la baba yake, Jenerali Gabler. Ibsen alieleza alitaka aonekane binti wa baba kuliko mke wa mume. Alichokuja nacho ni picha ya baba na bastola zake. Tazama anavyomfanyia shangazi wa mumewe: anajifanya kudhani ile kofia mpya ni ya mjakazi. Baadaye anakaa mbele ya jiko anatia motoni kidogo kidogo muswada wa Løvborg, mwandishi aliyekuwa karibu naye zamani, akisema anamchoma mtoto wa Thea, mwanamke aliyemsaidia Løvborg kuuandika. Halafu waigizaji ni saba kamili.

MkaaNyuma
Thea huyohuyo kamwacha mumewe kimyakimya, na hakuna anayemwandikia makala.

SindanoNaUzi
Hilo kweli kaka.

Mwambao
Na Ellida, wa Bibi kutoka Baharini? Anamwambia mumewe Wangel usoni kwamba ulinunua, nami nikajiuza. Baharia aliyekuwa mchumba wake zamani akirudi kumdai, Wangel anamwachia achague kwa hiari yake, na Ellida anabaki. Wanaosema mwisho ni laini hawajatazama mume alivyolazimika kumfungulia kwanza. Ila ina sehemu tano, bustani na pwani, na wahusika wanazidi saba. Kwa hela yenu, hapana.

PaziaJekundu
Tukimhamishia Nora Morogoro ya leo je?

Mwl_Fasihi
Watu watauliza kwa nini asiende VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa. Ibsen alisaini ombi kwa Bunge la Norwei mwaka 1884 kudai mke awe na mali yake, na sheria ikaja 1888. Ukiiondoa hali hiyo, ile saini haina uzito.

BintiKariakoo
Na mwanamke aliyempa Ibsen kisa hiki hakubamiza mlango wowote. Laura Kieler alikopa kumtibu mumewe kifua kikuu, mambo yalipofichuka mume akampeleka hospitali ya wagonjwa wa akili. Akaja kumrudia mume huyohuyo kwa ajili ya watoto.

MkaaNyuma
Umeona? Bi Alving.

PaziaJekundu
Nimelainika, Mizuka inaongoza. Shida ni moja: mwanamume mtu mzima tuliye naye wa kucheza Manders ni mzee wa kanisa kweli kweli.

SindanoNaUzi
Mpeni mistari yake leo, kabla hajafika pale yule seremala Engstrand anapomshika pabaya kuhusu ule moto.